Ajipakacho Mama, Mtoto Hukinyonya

Leo twataka kusema na wenye nyumba, waume kwa wake, na vijana wanaojitayarisha kuoa na kuolewa, juu ya jambo ambalo huonekana dogo, na kwa udogo wake huachwa mpaka likawa kubwa. Jambo lenyewe ni ngozi ya mama anyonyeshaye, inapokauka, ikapasuka na kuwasha.

Twajua wako watakaouliza, "Mwalimu wa chuo ana nini na ngozi za wanawake?" Jawabu letu ni kwamba haya ni sehemu ya imani, lakini haya haikupata kuwa kizuizi cha elimu. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza na kuifahamu dini yao. Tena jambo hili lilitokea nyumbani kwetu wenyewe, na kosa kubwa katika hilo lilikuwa letu sisi tulio wazee. Kwa hiyo twaandika kwanza kujionya nafsi zetu, kisha kuwaonya wenzetu.

LILILOTOKEA NYUMBANI

Mkaza mwana wetu alijifungua mtoto wa kike mwaka uliopita, mwishoni mwa masika. Twakaa Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja na bomba moja, na bomba likikauka hununua maji ya kisima, ambayo yana chumvi. Bibi zake walimlea vizuri kwa desturi zetu: wakamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, wakampikia uji wa pilipili manga, wala hawakumwacha apike wala apokee wageni usiku. Arubaini ilipokwisha, kila mtu alirudi kwake, naye akabaki na mtoto, na beseni, na nepi.

Mtoto alipokaribia miezi miwili, tulikuwa katikati ya kipupwe. Ngozi ya mama ikaanza kukauka mikononi, miguuni na kifuani. Vidole vikapasuka. Usiku alijikuna mpaka tukamsikia ukutani. Siku moja akatujia kwa adabu, akasema, "Shikamoo, baba. Ngozi yanisumbua, na kifua chawaka mtoto akinyonya. Naomba fedha kidogo niende hospitali."

Nasi tukamjibu jibu ambalo wazee hulijibu pasipo kufikiri: "Mwanangu, hayo ni mambo ya uzazi. Vumilia, yatapita." Aliinamisha kichwa, akaenda zake.

Siku chache baadaye jirani mwema, ambaye hakukusudia ubaya wowote, alimwambia kwamba liko duka karibu na soko linalouza dawa iponyayo muwasho siku tatu. Akatujia tena kuomba fedha, na safari hii, kwa kuwa kiasi kilikuwa kidogo na safari ilikuwa fupi, tukatoa shilingi elfu tano pasipo kuuliza swali lolote. Msomaji na alitie akilini neno hili: fedha ya hospitali tuliinyima, na fedha ya kikopo ilitoka mfukoni mwetu.

Kikopo chenyewe kilikuwa cha plastiki, cheupe, hakina jina wala tarehe wala mahali kilipotengenezwa. Mafuta yaliyokuwamo yalichotwa kwa kijiko kutoka katika ndoo. Kweli, siku ya tatu muwasho ulikoma. Wiki ya pili ngozi ikang'aa na kuanza kuwa nyeupe. Watu wa mtaani wakamsifu, wakasema uzazi umemkubali. Nasi tulifurahi, tukaona fedha yetu imefanya kazi.

Mtoto alipopelekwa kliniki kwa chanjo ya wiki ya kumi na nne, mwuguzi alimgeuza uso akamtazama sana. Mashavuni na pembeni mwa kinywa, mahali panapogusana na kifua cha mama, rangi ilikuwa imefifia na vipele vidogo vimetoka. Hakumwuliza mama chochote juu ya mtoto. Alimwuliza, "Mama, wewe wajipaka nini kifuani?"

BIBI ZETU WALILIJUA HILI

Swali la mwuguzi lilitushangaza tuliposimuliwa, kisha tukashangaa kwa nini tulishangaa. Maana wazee wetu wa pwani, walipotaka kumlikiza mtoto, yaani kumwachisha ziwa, walifanyaje? Walichukua shubiri wakaipaka kwenye chuchu. Mtoto akija mbio kunyonya, hukutana na uchungu, akageuza uso, na baada ya siku chache akaliacha ziwa. Hakuna mtu wa pwani asiyeijua desturi hiyo.

Basi ikiwa twajua kwamba shubiri iliyopakwa ziwani hufika kinywani mwa mtoto, kwa nini twasahau kwamba mafuta ya kikopo nayo hufika? Shubiri ina fadhila moja, kwamba ni chungu, na mtoto huikataa. Dawa ya kikopo haina uchungu wala harufu mbaya. Aghalabu hutiwa manukato. Mtoto huilamba na kuimeza, leo na kesho na kesho kutwa, na kwa udogo wa mwili wake kiasi kidogo kwake ni kikubwa. Wala si chuchu peke yake. Mtoto hulaza shavu lake kifuani, hushika shingo ya mama kwa vidole, kisha hutia vidole kinywani. Hulalia kanga iliyofyonza mafuta yale. Kwa mtoto mchanga, ngozi ya mama ni godoro lake, na ni sahani yake.

Hiyo ndiyo nasaha yetu yote katika makala hii; yaliyobaki ni ufafanuzi wake. Mama atibiwe ngozi yake, wala asiambiwe avumilie. Lakini atibiwe kwa kitu ambacho hata mtoto akikigusa hakitamdhuru.

KWA NINI NGOZI HUKAUKA

Matabibu hutufundisha kwamba tabaka la juu la ngozi lina mafuta yake, ambayo huzuia unyevu wa mwili usitoke na vichafu visiingie. Mfano wake ni jahazi: mbao zake zimetiwa kalafati na kupakwa sifa. Kalafati ikiliwa, chombo hupitisha maji hata kama mbao ni nzima. Ngozi iliyopoteza mafuta yake huwa hivyo hivyo. Unyevu hutoka, ngozi hukaza, hupasuka, na kila kinachoigusa huiwasha.

Katika nyumba zetu mambo yanayoliharibu tabaka hilo ni mengi, na humkuta mama mzazi yote kwa pamoja. Baada ya kuzaa, vichocheo vya mwili vilivyokuwa vimepanda wakati wa mimba hushuka ghafula, na ngozi ya wanawake wengi hubadilika kwa sababu hiyo. Juu ya hayo huja maji ya moto. Hatusemi kwamba kumkanda mama ni kubaya. Mikono ya bibi, mapumziko ya siku arubaini na chakula kizuri ni rehema kwa mzazi. Twasema tu kwamba maji ambayo mkono wa mkandaji mwenyewe hauwezi kuyavumilia huyeyusha mafuta ya ngozi kama yanavyoyeyusha mafuta ya sufuria.

Kisha kuna sabuni. Sabuni ya mche na sabuni ya unga zimetengenezwa ili kuondoa mafuta katika nguo, na hazibagui kati ya nguo na mkono unaofua. Mama wa mtoto mchanga hufua nepi kila siku, tena mara nyingi kwa siku, na wengine huongeza dawa ya kuua vijidudu katika maji ya kuoga kwa kudhani ndiyo usafi kamili. Huko kote ngozi huliwa. Na ikiwa maji yenyewe ni ya kisima chenye chumvi, kama tunavyoyatumia wengi mjini Dar es Salaam, sabuni haitoi povu zuri, mtu huongeza sabuni, na ukavu huongezeka. Mwisho huja kipupwe, tangu Juni hata Agosti, pepo za kusi zinapovuma na mvua zimekatika, hewa ikawa kavu kuliko wakati wa masika. Mama asiyelala usiku, anayekula akiwa amesimama, hana nguvu ya kupambana na haya yote.

LA KUFANYA

Kwanza, aoge kwa maji ya uvuguvugu, tena kwa muda mfupi, dakika tano hata kumi, na sabuni laini isiyo na manukato makali aitie kwapani, kwenye mikunjo na miguuni tu. Mahali pengine maji yatosha.

Pili, ajifute kwa kugusagusa kwa kanga laini, si kwa kusugua, kisha ngozi ikiwa bado ina umajimaji ajipake mafuta papo hapo. Jambo hili lina siri yake: mafuta hayaleti maji katika ngozi, bali huyafungia yaliyopo. Ajipakaye baada ya ngozi kukauka amefunga mlango, mwizi ameshatoka.

Tatu, mafuta yawe mepesi wa habari, yaani yasiyo na mambo mengi ndani yake. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanafaa sana, na bei yake ni ndogo. Mafuta safi ya nazi nayo ni mema, na bibi zetu hawakukosea kuyapenda. Mafuta ya zeituni yametukuzwa, na kuyala kuna manufaa. Lakini kwa ngozi iliyokwisha kupasuka wataalamu wameona kwamba yaweza kuidhoofisha, kwa hiyo mwenye muwasho na atumie mgando. Liwa ni pambo letu la asili, lakini ikikauka juu ya ngozi iliyochubuka huikaza zaidi. Na ingoje mpaka ngozi ipone. Udi na manukato viwe vya nguo na chumba, visiwe vya kifua, maana mtoto humjua mama yake kwa harufu yake aliyoumbiwa.

Nne, mikono ilindwe. Anayefua na afue kwa glavu za mpira ikiwa zapatikana, na akimaliza aisuuze mikono kwa maji safi, aifute, aipake mgando. Usiku apake mengi zaidi, lakini mikono ifutwe kabla ya kumshika mtoto.

Tano, anywe maji kila apatapo kiu, kwa kuwa anayenyonyesha hutoa maji mengi katika maziwa. Lakini asidanganyike kwamba maji ya kunywa peke yake yatalainisha ngozi. Mafuta ya nje hayana badala.

HABARI YA CHUCHU

Mwenyezi Mungu ameziweka pembezoni mwa chuchu tezi ndogo ndogo, zionekanazo kama vipele, zinazotoa mafuta ya kulilinda ziwa. Kwa hiyo chuchu haihitaji sabuni hata kidogo. Maji safi mara moja kwa siku yatosha. Mama anayeisugua kwa sabuni kila kabla ya kunyonyesha, kwa kudhani anamtakia mtoto usafi, huondoa dawa aliyopewa na Mola wake.

Chuchu ikipasuka, mara nyingi sababu si ngozi, bali ni namna mtoto anavyoshika. Mtoto na afungue kinywa kipana, ashike chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, kidevu kikigusa ziwa. Akishika ncha tu, huitafuna. Mwuguzi au mkunga aliyefunzwa aweza kumwonyesha mama jambo hili kwa muda mfupi, na maumivu ya wiki nzima yakapungua. Baada ya kunyonyesha, mama apake matone ya maziwa yake mwenyewe kwenye chuchu, ayaache yakauke kwa hewa.

Hapa twataka kutoa onyo juu ya asali. Asali imetajwa katika Sura ya An-Nahl kuwa ndani yake mna shifaa kwa watu, nasi twaamini hivyo. Lakini matabibu wameonya kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, kwa kuwa huweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtoto mchanga haliwezi kukishinda, kikamdhoofisha viungo na pumzi. Kwa hiyo asali isipakwe chuchuni. Sunna ya kumlambisha mtoto mchanga kitu kitamu yatimia kwa tende iliyolainishwa.

UDHU NA NGOZI ILIYOPASUKA

Wanawake wengi hutuuliza chuoni: je, mwenye mafuta mwilini aweza kutawadha? Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wameeleza kwamba mafuta yaliyoenea mepesi, yasiyofanya tabaka, hayabatilishi udhu, maadamu maji hupita juu ya kiungo, hata kama hayatulii. Kinachozuia ni kitu kizito chenye mwili wake, kama nta au mgando mnene uliojazwa ndani ya mpasuko. Hicho kiondolewe kwanza. Kwa hiyo njia nyepesi ni mama kutawadha, kuswali, kisha kujipaka.

Tena Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni pungufu ya lita. Wengi wetu hufungua bomba tukatumia ndoo. Mwenye ngozi kavu akiifuata sunna hii ya kutumia maji kidogo pasipo israfu, amepata thawabu na ameihurumia ngozi yake. Na ikiwa tabibu mwaminifu amemwambia kwamba maji yatamzidishia ugonjwa mahali penye jeraha, au yeye mwenyewe amelijaribu hilo akaliona, dini ina tayamamu, na ina hukumu ya kupangusa juu ya bandeji. Amwulize mwalimu wake. Asiache swala, wala asijitese.

YALIYOMO KATIKA KIKOPO

Sasa turudi kwenye kikopo. Yule mwuguzi alikifungua, akakitazama, akasema neno la haki: kwa kuwa hakina maandishi, hakuna mtu duniani awezaye kusema kwa yakini kilichomo. Daktari aliyemwona mkaza mwana wetu alisema kwamba dalili zake ni za mtu aliyetumia dawa kali ya jamii ya steroidi, kama klobetasoli. Dawa hiyo hospitali huitumia kwa magonjwa maalumu, kwa kipimo na kwa siku zilizohesabiwa. Huzima muwasho upesi sana, na ndiyo maana wauzaji huipenda. Lakini ikitumiwa kwa majuma mengi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, huondoa rangi yake, huleta vipele na mistari, na huweza kuingia mwilini ikavuruga vichocheo vya mama, na vya mtoto pia.

Katika vikopo vingine viitwavyo mkorogo huwamo haidrokwinoni, ambayo huvunja rangi ya ngozi, au zebaki, ambayo huharibu figo na mishipa ya fahamu. Zebaki huweza kupita katika maziwa ya mama, na hugusana na watu wote wa nyumba kwa njia ya taulo na shuka. Kwenye maandishi ya kopo huweza kuitwa merkuri au kalomeli. Ulimwengu ulipata fundisho kali la zebaki huko Minamata, mji wa Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956. Zebaki ile ilikuwa ya namna nyingine, ilitoka kiwandani ikaingia katika samaki, lakini katika mambo ya kutisha yaliyoonekana ni kwamba baadhi ya mama walionekana wazima, na watoto waliowazaa wakawa wagonjwa. Mkataba wa mataifa wa kuizuia zebaki, uliotiwa saini mwaka 2013, umeitwa kwa jina la mji huo, na vipodozi vimo ndani yake.

Nchini kwetu vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi ni haramu kwa sheria. Ilikuwapo Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Hata hivyo Kariakoo ni mji wa biashara wa nchi nyingi. Mzigo huingia usiku na mchana, na mkaguzi hawezi kusimama katika kila kibanda. Mkaguzi wa kwanza ni mnunuzi. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe ya mwisho, lisiingie nyumbani mwenye mtoto.

Na sisi wanaume tusijitoe katika lawama. Wako wanaowaambia wake zao waliotoka katika uzazi kwamba wamefubaa, wakawasifu mbele yao wanawake weupe. Kisha mke akijichubua huuliza kafundishwa na nani. Rangi za watu na lugha zao zimetajwa katika Sura ya Ar-Rum kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Mtu huitazama ishara ya Mola wake akashukuru; haichubui.

Aliyekwisha kutumia kikopo cha namna hiyo kwa muda mrefu, na asikiache kwa kificho. Aende hospitali nacho mkononi, kwa kuwa mwenye kuacha dawa kali ghafula huweza kuona ngozi ikiwaka kuliko mwanzo, na anahitaji mtu wa kumwongoza.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Si kila muwasho ni ukavu. Ukiwa mkali usiku, na watu wengine wa nyumba wanajikuna, hasa kati ya vidole, huenda ni upele, na dawa yake hutumiwa na nyumba nzima kwa siku moja. Chuchu ikiwaka kama moto na mtoto ana utando mweupe kinywani usiofutika, huenda ni ukungu, na mama na mtoto hutibiwa pamoja. Ziwa likiwa la moto, gumu, na homa imepanda, aende siku hiyo hiyo, wala asiache kunyonyesha isipokuwa tabibu amekataza. Mabaka yanayorudi rudi katika mikunjo ya viwiko na magoti huwa pumu ya ngozi, nayo ina dawa nyepesi ambazo mama anyonyeshaye aweza kuzitumia kwa uangalizi. Kidonda cha chuchu moja tu kisichopona kwa majuma kadhaa kionwe na daktari pasipo kuchelewa. Na muwasho unaofuatana na macho kuwa ya manjano usingojwe hata usiku mmoja.

Wakazi wa Kariakoo hatuna udhuru wa umbali, maana Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu, na Muhimbili haiko mbali. Hata mikoani wako matabibu wa ngozi, wengi wao wamefunzwa katika kituo kilichoko Moshi, kando ya hospitali ya KCMC, kinachofundisha kazi hiyo tangu mwaka 1992.

NANI ATOE FEDHA

Aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara wengi tumeihifadhi kwa ajili ya miaka miwili ya kunyonyesha iliyotajwa ndani yake. Tuliisoma na kuisomesha kwa miaka mingi, na tulipokuwa tukimwambia mkaza mwana wetu avumilie, tulikuwa tumeisomesha wiki ile ile. Lakini aya hiyo hiyo imemwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama kwa wema, kadiri ya uwezo wake, na imekataza mama kutiwa taabuni kwa sababu ya mtoto wake. Sisi tulishika mwanzo wa aya tukauacha mwisho wake. Fedha ya mgando, ya sabuni laini na ya hospitali ni katika haki za mama anyonyeshaye. Si sadaka, wala si ya kuombwa kwa kuinamisha kichwa.

Na palipo fedha kidogo, pana mikono. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) hufanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake. Basi kijana wa Kiislamu asione aibu kukaa kwenye beseni akafua nepi za mwanawe. Mikono yake haina ziwa la kulinda.

Mkaza mwana wetu alipata taabu kwa majuma kadhaa baada ya kuacha kikopo kile kwa maelekezo ya daktari. Ngozi iliwaka, ikachubuka, kisha ikatulia. Mashavu ya mtoto yalirudi rangi yake polepole, na kila mwezi aliendelea kufuatiliwa. Hakuacha kunyonya hata siku moja. Mume wake ndiye afuaye nepi sasa, jioni akirudi kazini, uani mbele ya majirani. Mwanzoni walimcheka, siku hizi mmoja wao naye hufua.

Nasi tulimwita mkaza mwana wetu, tukamwomba radhi kwa neno lile la kumwambia avumilie. Alisema, "Baba, yamekwisha." Lakini sisi tumeona yasiishie ukumbini mwetu, ndiyo maana tumeyaandika. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaafu mama zetu na watoto wetu, na atuwafikishe kusikia wanapotuambia kwamba wanaumia.